Mpunga wa chotara haurudiwi kwa mbegu

Mama, unasema msimu uliopita mpunga wa chotara ulikuzalia vizuri kule Kamanyola, kwenye maji ya mfereji. Ukaweka mbegu, na sasa shamba limechanganyika: mashina mengine yanafika kifuani, mengine magotini, haya yamekomaa, yale ndiyo kwanza yanachanua. Pole sana. Hukukosea kulima. Chotara, yaani mpunga uliozaliwa na wazazi wa aina mbili tofauti, huzaa sana kizazi cha kwanza tu. Ukirudisha punje zake ardhini, sifa za baba na mama zinatawanyika. Tangu mtafiti wa mpunga Yuan Longping na wenzake waufanikishe China miaka ya 1970, mbegu yake hununuliwa upya kila msimu.

Kama pesa ya kununua kila mara haipo, mimi ningechukua mpunga uitwao NERICA. Mtafiti Monty Jones wa Sierra Leone na wenzake waliipata kwa kuoanisha mpunga wa Asia, unaozaa sana, na wa Afrika, uliozoea shida za huku kwetu, kisha wakachagua kizazi baada ya kizazi mpaka ukatulia. Huu unaweza kuuwekea mbegu. Ila ulizia aina ya bondeni! Nyingine ni za mlimani.

Kabla ya kupanda, koroga chumvi kwenye ndoo ya maji mpaka yai bichi lielee, kisha toa yai na umimine mbegu. Zinazoelea ni pepe, zitupe. Zilizozama suuza papo hapo kwa maji safi. Mavuno ya sasa twanga mle na watoto, usibakize hata kilo moja ya mbegu.