Kifua kikuu hakikai kwenye sahani

Swali: Daktari, shemeji yangu amekutwa na kifua kikuu cha mapafu, ana siku 6 tangu aanze dawa. Tumemtengea sahani na kikombe, tunaviosha kwa javeli (maji ya klorini). Analala chumba kimoja na watoto wangu wawili, mdogo ana miaka 3. Kijana mmoja anataka dola 10 apulizie dawa nyumba nzima. Itatosha? Mama wa Majengo, Goma.

Jibu: Mama, hizo dola usizitoe, na leo hii watoto wahame chumba hicho.

Sahani zilizotengwa naziona kila wiki, pamoja na madirisha yaliyofungwa. Najua tulikojifunzia: kipindupindu cha 1994, halafu Ebola ilipofika Goma mwaka 2019, ndoo ya klorini ikawa kila mlangoni. Ilifaa, maana kipindupindu huingia kwa maji na chakula, Ebola kwa kugusa majimaji ya mgonjwa. Kifua kikuu huvutwa kwa pumzi. Shemeji akikohoa, matone makubwa huanguka hapo karibu. Yale madogo hukauka yakiwa bado hewani, zikabaki punje za mikromita 1 hadi 5 (unene wa unywele ni kama 70), nazo huelea kwa saa nyingi. Pua hainasi kitu kidogo hivyo. Hushuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na huko ndiko mikrobi huanzia kazi. Iliyo kwenye sahani haina njia ya kufika huko.

Kwa hiyo anayepulizia ukuta anauza harufu. Usiku uleule hewa itajaa tena punje hizo. Fungueni dirisha, na kama mmeziba nafasi kati ya mbao za ukuta kwa makartoni sababu ya baridi, toeni makartoni ya juu. Shemeji avae barakoa akiwa na watu, ifunike na pua. Dawa zikimkubali, kuambukiza hupungua sana katika wiki za mwanzo, ila amalize miezi 6. Watoto wote wapimwe kituoni. Mdogo, asipokutwa na ugonjwa, apewe dawa za kinga.

Vibanda vya dawa ndivyo vinavyoniumiza zaidi. Mtu anakohoa mwezi mzima, anauziwa sirupu, kisha sindano, kisha vidonge vinne vya antibiotiki. Kifua kikitulia siku tatu, anarudi kulala na wanawe. Makohozi yake hayajapimwa na yeyote, wakati dawa za kifua kikuu ni za bure! Ukikohoa wiki 2, nenda ukapimwe. Wengi husubiri waone damu, na hadi siku hiyo watoto wamekwisha kuivuta hewa ile kwa miezi.