Stuli ya kwanza ya plaiwudi: achana na miguu minne

Mkuu, umeuliza kama kipande chako cha plaiwudi ya milimita 18 kinatosha kutoa stuli ya kukalia mtu mzima, na ulicho nacho ni msumeno wa mkono, drili na gundi nyeupe ya mbao, basi. Aliyenitangulia kukujibu amekwambia ukate miguu minne uigongelee misumari chini ya kiti. Plaiwudi yako inatosha, tena kwa kujinafasi. Ila hiyo miguu minne naipinga, na ukishaelewa kwa nini naipinga, mengine yote kuhusu plaiwudi yatakuja yenyewe.

Plaiwudi ni karatasi nyembamba za mti zilizobandikwa moja juu ya nyingine, kila moja nyuzi zake zikikatiza zile za mwenzake. Ndiyo maana kwa kawaida tabaka zake huwa witiri, ili nyuzi za uso wa juu na za uso wa chini zielekee upande mmoja na ubao usijikunje. Kukatizana huko kunaupa uso nguvu sana. Ukingoni mambo ni tofauti. Msumari ukiuingiza pale unapoziona tabaka, unajipenyeza kati ya karatasi mbili na kuzifunua kama kurasa za kitabu. Sasa chukua mguu mwembamba wa sentimita nne: karibu nusu ya tabaka zake zina nyuzi zinazoukatiza mguu wenyewe, yaani mguu ukipindwa hizo hazisaidii kitu. Halafu unataka kuugongelea msumari kwenye kichwa chake. Utakaa siku chache, kisha utaanza kucheza.

Kwa hiyo tumia vipande vipana. Kiti kimoja, kuta mbili za kusimama badala ya miguu, na ubao wa kati unaoziunganisha hizo kuta chini ya kiti. Vinne tu, na karibu mikato yote ni ya kunyooka.

Vipimo ninavyovipenda ni hivi: kiti milimita 400 kwa 300, kila ukuta urefu 432 na upana 280, ili ukijumlisha unene wa kiti upate kimo cha 450, kinachomfaa mtu mzima kukaa mezani, ubao wa kati urefu 304 na upana 120. Kuta zinaingia ndani milimita 30 kutoka kila ncha ya kiti. Usiziingize ndani zaidi ya hapo kwa kutafuta urembo, maana mtu akikalia ncha iliyotokeza nje ya kuta, stuli inabinuka. Vyote hivi vinatoka kwenye kipande cha 900 kwa 600: kuta mbili zikifuatana kwa urefu upande mmoja, kiti na ubao wa kati upande wa pili. Hakikisha nyuzi za uso zinaenda na ule urefu wa 900. Hapo kuta zitakuwa na nyuzi za wima, na kiti kitakuwa na nyuzi zinazotoka ukuta mmoja hadi mwingine, na huko ndiko plaiwudi inakokataa kupinda.

Hiyo 304 usiikate bado. Plaiwudi inayouzwa kama 18 mara nyingi huwa pungufu kidogo, na upungufu huo unahesabika mara mbili kwa kuwa kuta ni mbili. Kata kuta kwanza, pima unene wake halisi, toa unene wa kuta zote mbili kwenye 340, kinachobaki ndicho urefu wa ubao wa kati. Vilevile usichore vipande vyote kwa mpigo halafu ukaanza kukata. Msumeno unakula njia yake, milimita moja na nusu hadi tatu, na ukichora vyote bila kuiachia nafasi kipande cha mwisho kitatoka pungufu. Chora, kata, chora tena.

Kukata kwenyewe ndiko wengi wanakoharibu sura ya kazi. Msumeno wa mkono wa kawaida unakata unapousukuma, na meno yanaposhuka yanachana karatasi ya chini. Basi uso mzuri uweke juu. Kama kuna atakayekuazima msumeno wa umeme wa duara, geuza: meno ya ule yanapanda, kwa hiyo uso mzuri unalala chini. Kwa vyovyote vile, pitisha kwanza kisu kikali juu ya mstari wako kwa kukandamiza rula ya chuma, mara mbili tatu mpaka karatasi ya juu ikatike kabisa, hasa pale mkato unapokatiza nyuzi. Kisha peleka msumeno pembeni ya huo mchirizi, upande wa kutupwa. Chini bandika tepu ya karatasi. Msumeno uwe wa meno madogo na uulaze; ukiusimamisha wima unarukaruka na kumeguameguka kunaanza. Utakaposikia mlio umebadilika na kuwa mwembamba, ujue umebaki na tabaka za mwisho. Hapo punguza nguvu, na upande unaoning'inia uwe umeegemezwa juu ya kitu, la sivyo utajivunja wenyewe na kuondoka na kipande cha uso.

Ukishapata kuta mbili, zipange pamoja uso kwa uso, zibane, uzisawazishe kingo zote kwa pamoja kwa randa ndogo au msasa uliozungushiwa kipande cha mbao. Hili usiliruke. Kuta zikiwa na tofauti hata ya milimita moja stuli itainama au kupepesuka, ila zikisawazishwa zikiwa pamoja zitalingana hata kama mkato wako wa awali haukuwa mzuri. Kwa randa, anzia nje uje katikati. Ukiipitiliza hadi ncha ya pili itameguka kona. Zikiwa bado zimebanwa, chora upinde chini: acha milimita 60 kila upande, katikati panda juu 30. Ukikata huo upinde unabaki na nyayo nne badala ya kingo mbili ndefu, na sakafu yenye kijinundu haitaisumbua stuli. Kama huna msumeno wa kukata mviringo, fanya pembe tatu pana kwa mikato miwili ya kunyooka. Kazi ni ileile.

Sasa ubao wa kati, maana huu ndio stuli yenyewe. Watu hudhani stuli inavunjika kwa uzito wa anayekaa. Uzito unaoshuka moja kwa moja chini si tatizo kwa kuta mbili za milimita 18. Kinachoua stuli ni kuyumbishwa: mtu anajisogeza karibu na meza bila kunyanyuka, anainama kuokota kitu, anaisukuma kwa goti. Bila ubao wa kati, nguvu yote hiyo ya ubavuni inaishia kwenye mstari mwembamba wa gundi pale ukuta unapokutana na kiti. Ukiuweka huo ubao, ukuta hauwezi kulala bila kuupindisha wima wake, na kadiri ubao unavyokuwa mpana ndivyo unavyogoma. Nimetengeneza zenye ubao wa 60 na zenye 120. Ile ya 60 ukishika kiti ukaisukuma kuelekea ukuta mmoja unaiona inanesa. Ya 120 inaburuzika nzima nzima. Uweke katikati ya upana wa kuta, ukingo wake wa juu ukigusa kiti na kuganda nacho kwa gundi pia.

Kuunganisha. Hapa ndipo ule udhaifu wa ukingo unaporudi, kwa sababu kila kiungo cha stuli hii ni ukingo unaokutana na uso. Wapo wanaopiga skrubu kutoka juu ya kiti moja kwa moja hadi kwenye ukingo wa ukuta. Inawezekana, ukitoboa kwanza tundu dogo na ukawa na gundi nzuri, ila kwa anayeanza sishauri, na vichwa vya skrubu vitabaki vinakutazama juu ya kiti. Tafuta fito za mbao ya kawaida, milimita 20 kwa 20, uziweke kwenye kona za ndani: vipande vinne vya 120 chini ya kiti, viwili kila ukuta, kimoja huku na kimoja huku cha ubao wa kati, na vinne vya 95 vya wima kwenye kona ambapo ubao wa kati unakutana na kuta. Skrubu zote zinapita kwenye ufito na kuingia usoni mwa plaiwudi. Hakuna hata moja inayogusa ukingo. Skrubu za milimita 4 kwa urefu wa 30 zinatosha: 20 za ufito, 10 za plaiwudi, na ncha haitokezi upande wa pili. Kwenye ufito toboa tundu la milimita 4 ili skrubu ipite bila kung'ang'ania, na kwenye plaiwudi la 2.5, lisilozidi kina cha milimita 8. Funga tepu kwenye keekee ya drili kama alama ya kina. Zile skrubu za pande mbili za ufito mmoja zipishanishe zisikutane ndani.

Kabla ya gundi, panga kila kitu kikavu na ufunge skrubu kabisa, kisha upime mishazari chini ya kiti: kutoka kona ya ukuta mmoja hadi kona ya mkabala ya ukuta wa pili, halafu mshazari mwingine. Zikilingana, kuta ziko mraba, yaani kona zote ni pembe mraba. Fungua, paka gundi, funga tena kwenye matundu yaleyale.

Kuhusu gundi, ukingo wa plaiwudi unakunywa. Ukipaka mara moja na kubana, kiungo kinabaki na kiu. Paka tabaka jembamba ukingoni, subiri dakika chache uone imefifia na kuingia ndani, kisha paka tena ndipo ubane. Ukiona shanga ndogondogo za gundi zimejipanga kwenye kiungo mwanzo hadi mwisho, kiasi ni sahihi. Usizifute na kitambaa kibichi, maana unaisambaza gundi kwenye vinyweleo vya mbao na vanishi itaonyesha mabaka. Ziache mpaka ziwe kama mpira, uzibandue kwa patasi. Umesema huna klampu (vibanio), wala hapa hazihitajiki sana kwa kuwa skrubu zinabana zenyewe. Ukitaka zaidi, zungushia kuta kamba, ingiza kijiti, kisokote hadi kamba ikaze. Usiikalie kabla ya siku nzima kupita, hata kama gundi inaonekana imekauka nje.

Ikishakauka isimamishe sakafuni. Ikipepesuka, usikimbilie msasa. Izungushe robo mzunguko, mahali palepale. Ikitulia, tatizo ni sakafu. Ikiendelea na mguu uleule ndio unaoning'inia, tatizo ni stuli. Hapo ipeleke juu ya meza iliyonyooka, uone nyayo mbili zipi zinazobeba kila unapoitikisa, uzipunguze taratibu kwa msasa uliotandikwa juu ya hiyo meza. Kidogo kidogo, maana kinachokatwa hakirudi.

Msasa wa uso anza na namba 120, malizia na 180. Achana na misasa mikali ya 60 au 80 kwenye uso, karatasi ya juu mara nyingi haifiki hata milimita moja na ukiipenya utaona rangi ya tabaka la chini, na hapo hakuna dawa. Kona na kingo za kiti zilainishe mpaka mkono usikwaruzike. Ni kwa ajili ya mapaja ya mtu, na pia kona kali ya plaiwudi ndiyo huanza kumeguka. Mashimo yatakayoonekana ukingoni (plaiwudi nyingi huwa nayo, ni pale karatasi za ndani hazikukutana) yajaze kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, ukijua kwamba chini ya vanishi yataonekana kwa rangi tofauti. Vaa barakoa wakati wa msasa; lile vumbi lina gundi ya kiwandani pia.

Vanishi tabaka la kwanza lizimue ili lizame, likikauka pitisha msasa wa 240 kwa mkono mwepesi, kisha mbili zaidi. Usisahau chini ya nyayo. Huko hakuna anayekuona, lakini ndiko ukingo ulio wazi unakokutana na sakafu ikipigwa deki, na maji yakipanda kati ya tabaka zitavimba na kuachana. Mimi nyayo huzipaka mpaka zikatae kunywa.

Na lile swali lako la mwisho, kama ni lazima kubandika ule utepe wa kufunika kingo: si lazima. Kwenye kiti cha stuli utepe huo huwa wa kwanza kubanduka kwa kuguswaguswa. Msasa mzuri na vanishi vinatosha, na ile mistari ya tabaka ikisafishwa vizuri inapendeza. Ukishakata kuta tupia picha hapa kabla hujapaka gundi, tuone mishazari inasemaje.