Kulifufua Land Rover la Zamani Kigoma Bila Kuishia Njiani

Ukarabati wa Land Rover la zamani huwa unafia mahali pamoja: gari limefunguliwa lote, bodi imeegemezwa ukutani, bolti zimejaa kwenye ndoo moja, na hakuna hata sehemu moja inayofanya kazi. Mwenye gari anatoa pesa kila mwezi na haoni kinachorudi. Hapo hamu inakatika, hata awe mvumilivu kiasi gani. Dawa yake iko kwenye mpangilio wa kazi: usifungue sehemu mpya kabla ile uliyoianza haijarudi mahali pake ikiwa inafanya kazi. Hapa tunazungumzia Land Rover za toleo la Series III, zile zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, lakini utaratibu huu unafaa hata kwa Land Cruiser kuukuu.

Kabla ya kushika spana, linganisha namba ya chesisi na ile iliyo kwenye kadi ya gari. Zisipofanana, simama hapo hapo mpaka jambo hilo lieleweke. Kisha lala chini ya gari na nyundo ndogo, uigonge chesisi yote. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, au nyundo inazama. Chesisi ya Land Rover ni boksi lenye uwazi ndani, tope na maji vinakaa humo, kwa hiyo huoza kutoka ndani kuja nje na macho hayatakuambia kitu. Kagua zaidi boriti ya nyuma, mikono inayobeba bodi, sehemu springi zinapofungwa, na sakafu ya miguu ya dereva na abiria. Ukimaliza, andika yote uliyoyaona. Orodha ndefu inayojulikana haivunji moyo kama ubovu unaoibuka kila wiki.

Sasa anza na injini, hata kama bodi ndiyo inayotia aibu. Injini inayonguruma inakurudisha kwenye gari kila jioni; bodi iliyopakwa rangi juu ya injini iliyokufa haifanyi hivyo. Kwa injini ya petroli ya lita 2.25 iliyokaa miaka, toa plagi nne, mimina kijiko kimoja au viwili vya oili safi katika kila silinda, uache siku moja au mbili. Kisha izungushe kwa hendeli ya mbele, plagi zikiwa bado nje. Usitumie stata. Kama ringi zimeshikwa na kutu, stata inaweza kuzivunja na kukwangua silinda, na utajikuta unapeleka bloku kuchongwa. Ikigoma, ongeza oili, subiri tena.

Ikizunguka kwa ulaini, mwaga oili ya zamani na ubadilishe filta. Sampu, yaani beseni la oili chini ya injini, inachukua lita 6 hivi, na filta karibu lita 1. Safisha pointi za distribyuta, zipe mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.40. Mwanya wa valvu zote uwe milimita 0.25. Waya za plagi zifuate mpangilio wa silinda kuwaka, 1-3-4-2. Petroli iliyolala kwenye tangi usiiguse. Ingiza mpira wa pampu kwenye dumu safi lililo mbali na ekzosi. Jaza maji kwenye rejeta, kisha washa. Taa ya oili isipozima ndani ya sekunde chache, zima injini utafute sababu.

Kutoka hapo, kanuni moja itakuokoa pesa na moyo: usifungue kitu mpaka sili, gasketi na wosha zake za kufungia ziwe rafuni. Spea nyingi zinatoka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na zinasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa basi au treni kufika Kigoma. Hab ya gurudumu iliyofunguliwa huku ikikosa sili moja itakaa wazi wiki nzima ikila vumbi, na wewe utaanza kupita mbali na gari lako mwenyewe. Agiza kwa hatua: breki kamili kwanza, kisha hab, kisha stelingi. Ukinunua kidogo kidogo cha kila kitu utakuwa na sanduku la spea na gari lisilosogea.

Spana ziwe za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, na spana ya 13 inaikalia kwa kulegea mpaka inakula kona. Bolti iliyoshika ilowekwe dizeli usiku mzima, igongwe kidogo kichwani, ndipo ijaribiwe. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua, na kila bolti irudishwe kwenye tundu lake ikiwezekana. Zinazobaki ziwekwe kwenye mikebe yenye jina lililoandikwa kwa rangi, maana lebo za karatasi na maboksi yaliyowekwa chini vitaliwa na mchwa. Chuma kilichochongwa, kama shafti na sehemu za bearing, kipakwe grisi nzito. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen hapa Ziwa Tanganyika mwaka 1916, waliipaka grisi mitambo yake kwanza. Meli ikaibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi hiyo ilichangia sana.

Kazi ya chesisi ndiyo inayokatisha watu tamaa, kwa kuwa ni ndefu, chafu na matokeo yake hayaonekani. Ipange kiangazi, Juni hadi Septemba, na uigawe upande kwa upande. Kabla ya kuchomelea, toa betri, chomoa waya za alteneta, na tangi la mafuta litolewe kabisa. Kwenye gari fupi liko chini ya kiti, karibu kabisa na mahali cheche zinaporukia. Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima. Kiraka kikichomelewa juu ya kutu kinang'oka. Kwa bati jembamba la sakafu tumia elektrodi za milimita 2 au 2.5, choma nukta fupi ukihama huku na huku, la sivyo bati litatoboka na kujikunja. Chuma kilichosuguliwa kipate praima siku hiyo hiyo, kwani unyevu wa ziwani hukirudishia kutu kufikia asubuhi. Na pale bodi ya aluminiamu inapokutana na chuma, weka raba au praima katikati. Vikigusana kwenye unyevu, aluminiamu inageuka unga mweupe.

Mvua zikianza, Oktoba au Novemba, ingia ndani na kazi za mezani: kabureta, stata, silinda za breki, waya za taa. Mipira ya breki isafishwe kwa mafuta ya breki peke yake, maana petroli na oili huivimbisha. Vumbi la breki kuukuu usilipulize kwa upepo, huenda lina asbesto; lifute kwa kitambaa kibichi.

Fundi alipwe hatua ikikamilika, na gia boksi lifunguliwe nyumbani kwako kila inapowezekana. Rangi iwe ya mwisho kabisa, juu ya praima maalumu ya aluminiamu.

Kuna wakati pesa itakata, na hilo si kosa la mtu. Liegeshe gari vizuri: juu ya stendi, betri nje, midomo yote ya paipu na kabureta imezibwa kwa kitambaa, kwa sababu nyigu wa udongo hujenga humo na panya huhamia kwenye filta ya hewa. Izungushe injini kwa hendeli kila baada ya wiki mbili. Kisha chagua kazi moja ndogo ya kuanza nayo siku utakayorudi, kwa mfano kufunga silinda ya breki ya gurudumu moja, uweke spea zake zote na spana zake kwenye mkebe mmoja juu ya kiti cha dereva.