Shangazi Nijibu: Nitaujuaje mtaa kabla sijasaini?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi, nilitoka Tanga mwaka jana na nafanya kazi hapa Reading, Uingereza. Hadi sasa nimepanga chumba kimoja, lakini wanangu wawili, wa miaka 6 na 9, wanakuja. Dalali amenionyesha nyumba ya vyumba viwili karibu na Cemetery Junction, zile nyumba za matofali zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Tangazo linasema "mtaa tulivu, karibu na kila kitu". Mwenzangu kazini akanifungulia ramani ya uhalifu ya polisi. Vinukta tele, roho ikaniruka! Dalali anataka jibu Ijumaa. Nitaujuaje mtaa wenyewe? Na kodi ya halmashauri ni juu yangu au ya mwenye nyumba?
— Mama wa Wawili, Reading

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwombe dalali postikodi nzima ya nyumba hiyo. RG1 peke yake, yaani ile sehemu ya mwanzo, haikusaidii, maana hiyo ni katikati ya mji yote, stesheni, maduka na baa zake. Postikodi nzima inashika nyumba chache tu, mara nyingi kama 15 hivi. Dalali asiyetaka kuitaja ni sawa na mchuuzi anayekuuzia samaki aliyefunikwa gunia.

Ukiwa nayo, rudi kwenye ile ramani, uisome kwa utulivu safari hii. Vile vinukta havikai mlangoni pa nyumba palipotokea jambo. Polisi huvisogeza kwa makusudi hadi sehemu ya jumla, katikati ya barabara kwa mfano, ili mtu asitambulikane. Kwa hiyo kinukta mbele ya nyumba yako hakimaanishi kwamba jirani ni mwizi. Tena huwekwa kwa mwezi: fungua miezi kadhaa, utazame ni kosa gani linalojirudia. Wizi wa baiskeli ni shida ya kufuli. Vurugu zinazorudi mwezi hadi mwezi pale pale, hizo nazo ni habari nyingine.

Sehemu hiyo wenyeji wanaiita Newtown. Ilijengwa zama za kiwanda cha biskuti cha Huntley & Palmers, na wafanyakazi wake wengi waliishi humo; ndiyo maana nyumba ni nyembamba na mlango unafungukia njiani. Hata bustani kubwa hapo jirani, Palmer Park, ilitolewa na George Palmer wa biskuti hizo. Wanao watacheza huko, kwa sababu nyuma ya nyumba utapata kiwanja cha kuanikia kanga nne. Mto Kennet uko karibu, basi tazama pia kwenye tovuti ya serikali hatari ya mafuriko ya anwani hiyo. Ni dakika mbili tu.

Kisha nenda kwa miguu, mara mbili. Mara ya kwanza iwe jioni ya kuamkia siku ya taka. Hesabu mapipa na kengele kwenye kila mlango. Kengele nne mlango mmoja, hiyo ni nyumba ya kupangisha vyumba, na chuo kikuu hakiko mbali, basi fikiria Ijumaa usiku wa wanafunzi. Mara ya pili iwe hiyohiyo Ijumaa usiku, ukitoka zamu. Ukiwa ndani, ingia chumba cha kulala, usogeze kabati, unuse. Mimi niliona aibu kusogeza kabati la watu. Nililipa aibu hiyo majira mawili ya baridi, nafuta ukungu ukutani kwa kitambaa huku mtoto akikohoa.

Kodi ya halmashauri kwa kawaida hulipwa na anayekaa ndani ya nyumba nzima, yaani wewe, isipokuwa mkataba useme imo kwenye pango. Kila nyumba ina daraja, A hadi H, na utalipata mtandaoni kwa postikodi. Kichekesho ni kwamba daraja hilo linafuata thamani ya nyumba tarehe 1 Aprili 1991, hata kama imejengwa juzi. Sasa sikiliza hili: watoto walio chini ya miaka 18 hawahesabiwi. Ukiwa mtu mzima peke yako humo, una haki ya punguzo la asilimia 25, lakini ni lazima uliombe.

Taka: pipa la kijivu wiki hii, jekundu la taka za kuchakatwa upya wiki ijayo, na kipipa kidogo cha mabaki ya chakula. Mwaka wangu wa kwanza nilitupa maganda ya ndizi kwenye jekundu. Asubuhi nikakuta limebandikwa karatasi, limeachwa limejaa mbele ya mtaa mzima. Jirani, bibi wa Kiingereza ambaye hata salamu hatukuwa tumepeana, akatoka na glavu tukachambua pamoja. Siku hiyo ndipo nilipojuana naye.

Hospitali ni mwendo wa miguu kutoka Cemetery Junction, na basi namba 17 linapita hapo. Daktari wa familia ni haki yako hata kama huna bili ya umeme; ukiambiwa na mtu wa mapokezi ulete uthibitisho wa anwani, mkumbushe kwa upole kwamba taratibu za NHS hazimlazimu mtu. Shule usingoje: kukaa mtaa mmoja nayo si hakikisho la nafasi, na watoto wanaokuja katikati ya mwaka huombewa kivyao. Ulizia halmashauri kabla hawajapanda ndege.

Na hiyo Ijumaa isikutie kiwewe. Arbuni ya kushikiwa nyumba, kwa sheria ya England, haizidi pango la wiki moja. Akidai zaidi, mwambie akuandikie. Ila ukishaitoa kisha ukajitoa mwenyewe, inaweza kuliwa, basi kabati lisogezwe kwanza.