Kibeho kwa miguu: hesabia masaa, usihesabie kilometa

Bandugu ba Bukavu, kila mwaka ikifika mwezi wa saba watu wananiuliza ileile, tukitembea kwa miguu tutafika Kibeho, kule Rwanda watu wanaendaka kuhiji, siku ngapi, na mimi ninajibu unambie kwanza utapanda milima ngapi kwa siku.

Mara ya kwanza nilipangaka kwa ramani ya telefone. Nilitaka kuunga njia mbili: kwanza kando ya ziwa Kivu upande wa Rwanda, Kamembe mpaka Karongi kwa ile njia wanaita Congo Nile Trail (yote, Rubavu mpaka Rusizi, ni kilometa 227), kisha gari mpaka Huye, na mwisho miguu tena mpaka Kibeho, karibu kilometa 30, juu ya sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, tarehe 15 mwezi wa munane. Nikaandika kilometa 35 kwa siku. Lakini ule ukingo wa Kivu uko kama vidole vya mukono, unashuka mpaka kwenye mayi, unapanda mpaka kwenye mashamba ya kahawa, unashuka tena, na siku nzima ziwa liko kushoto na kisiwa chetu cha Idjwi ngʼambo, inapendeza mpaka unasahau kunywa mayi. Saa nane ya muchana nilikuwa nimefanya 19 tu. Siku ya pili goti likakataa, na haikuwa kwenye mupando, ilikuwa kwenye mushuko. Mama mumoja wa kijiji akaniwekea miguu ndani ya mayi ya vuguvugu na chumvi, nikalala pale kwake.

Sasa ninapanga masaa 6 kwa siku, basi. Ninatoka saa kumi na mbili asubuhi, jua likikaza niko nimeshaikala nakula sambaza, zile samaki ndogo za ziwa. Na siku moja ninaiacha bure katikati, sitembei, juu mwili utaiomba tu.

Viatu tafazali usinunue vya siku ya safari!! Vivae wiki tatu mbele, panda navyo mulima wa Kadutu hapa Bukavu kila asubuhi na sake kwenye mugongo, na kata kucha, kwenye mushuko kucha ndefu njo zinakufa. Sake isipite kilo 6 ao 7. Kwa mupaka, ulizia makaratasi wiki ileile ya kwenda, vitu vinabadilika.

Wenye kuota hija ya Santiago de Compostela kule Hispania, hata ile njia ya bahari kutoka Porto, mujue ili wakupe cheti cha hija wanaomba utembee angalau kilometa 100 za mwisho na kupigisha mihuri kwenye kikaratasi. Ni mbali na ni bei. Kibeho Bikira Maria alitokea tangu tarehe 28/11/1981, na ni jirani yetu. Ila mwezi wa kumi na moja ni mvua, bulongo inateleza vibaya, mimi ninapenda ule wa munane.

Fika siku moja mbele, ili usali ukiwa umepumuzika. Na kibidon cha mayi ya baraka ya Kibeho beba cha lita moja, kule utaona ba mama banajaza za lita 5 na roho itakusukuma ujaze nawe, lakini kurudi mpaka kwenye gari utaibeba wewe na magoti yako.