Mabuti ya mpira kwenye mguu wa MerCruiser Alpha One

Ndugu yangu, umeuliza kama nyufa ulizoziona kwenye buti la krosi (mfuko wa mpira unaofunika kiungo cha shafti kati ya injini na mguu, ile sehemu ya nyuma ya boti yenye propela) zinaweza kusubiri msimu uishe, na kama kazi ya kulibadilisha inafanyika nyumbani. Zisisubiri. Buti hilo likipasuka, maji ya chumvi yatakula krosi na beringi ya gimbali, ile inayoshika shafti. Lile dogo la kebo ya gia ni hatari zaidi: likitoboka, maji huingia ndani ya boti, na inaweza kuzama ikiwa imefungwa gatini. Badilisha yote kwa mkupuo, pamoja na la ekzosi (njia ya moshi).

Nyumbani inawezekana, boti ikiwa nchi kavu. Weka gia ya mbele, fungua mitungi ya trimu (inayoinua na kushusha mguu), kisha nati sita zinazoushika mguu. Tegemeza mguu kwa jeki, ni mzito sana. Pini za bawaba, zinazoshika kipande ambacho mguu hufungwa, zina ufunguo wake maalumu. Azima, usizilazimishe kwa patasi.

Wengi huharibu kwenye gundi. Safisha ukingo mpaka chuma kitupu, paka gundi ya mabuti, iache ikauke kidogo ndipo uvalishe. Grisi hapo ni mwiko kabisa. Zungusha beringi ya gimbali kwa kidole. Ikikwaruza, ibadilishe sasa hivi. Pima pia kama injini imenyooka sawa na beringi hiyo, kwa fimbo maalumu ya kupimia, kabla ya kurudisha mguu. Nati zile sita kaza Nm 68.

Ukishusha boti majini, chungulia ngama (sehemu ya chini ndani ya boti maji yanapokusanyika) mara kwa mara siku ya kwanza, na ukiegesha acha mguu umeshuka ili mpira usikae umevutika.