Maswali na majibu: Kwa nini mkongo wa baharini una vikuza mwanga vingi badala ya kimoja kikubwa?

SWALI

Shikamoo mhandisi. Niko mwaka wa tatu, uhandisi wa mawasiliano, Dar es Salaam. Tumefundishwa kwamba kikuza mwanga cha erbi (moja ya madini adimu) kilitoka Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, mwaka 1987, na kwamba kinakuza mwanga bila kuugeuza kuwa umeme kwanza. Milinganyo nimeikariri, lakini kuna mambo hayajaniingia. Mwanga unaoongezwa unajuaje kuiga ishara inayopita? Na kama kukuza ni rahisi hivyo, si tungeweka kikuza kimoja chenye nguvu hapa pwani, mkongo ukaenda moja kwa moja mpaka Ghuba bila vifaa chini ya maji? Mwisho, chuoni kwetu hakuna maabara ya fotoniki. Nifanyeje nijifunze kwa vitendo?

JIBU

Marahaba. Nianze na kikuza kimoja kikubwa, maana hapo ndipo wengi wanapokwama, hata walioajiriwa.

Chukua kalamu. Faiba nzuri hupoteza desibeli 0.2 kwa kila kilomita, kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550. Kilomita 50 ni desibeli 10, yaani inabaki sehemu moja ya kumi. Miliwati moja ya mwanga huo ni fotoni (chembe za mwanga) karibu 8 × 10¹⁵ kwa sekunde. Kila kilomita 50 unafuta sifuri moja. Ukifika kilomita 800 huna hata fotoni moja kwa sekunde. Sasa mkongo wa TEAMS, ulioanza kazi mwaka 2009, unatoka Mombasa kwenda Fujairah, karibu kilomita 5,000. Hizo ni desibeli 1,000.

Utaniambia: basi tuanze na nguvu kubwa. Haya, achana na miliwati, weka kilowati nzima. Umeongeza desibeli 60, na desibeli 60 ni kilomita 300 tu. Mara milioni ya nguvu imekununulia kilomita 300, na hapo nimekupunguzia ukali, kwa sababu faiba yenyewe ingeungua pale pale ufukweni. Kiini cha faiba kina kipenyo cha maikromita 9 hivi. Hata miliwati 100 zikibanwa humo zinatoa mwanga mkali kuliko jua la mchana, kwa eneo lile lile, zaidi ya mara milioni moja. Kwa ukali huo kioo hakikai kimya: mwanga unabadilisha kidogo tabia ya kioo kinachoupitisha, na chaneli moja (rangi moja ya mwanga yenye ishara yake) inaanza kuichafua ya jirani yake. Ndiyo maana kila chaneli huingizwa baharini na nguvu ya miliwati moja hivi, na hakuna anayethubutu kuipandisha sana.

Kwa hiyo ni lazima kukuza njiani. Kabla ya kikuza cha Southampton kufika baharini ilifanyikaje? Mkongo wa TAT-8 uliolazwa chini ya Atlantiki mwaka 1988 ulikuwa na vituo vilivyopokea mwanga, vikaugeuza umeme, vikaisafisha ishara, kisha vikawasha leza nyingine. Ulifanya kazi vizuri, ila kasi yake ilifungwa ndani ya vifaa vile, megabiti 280 kwa sekunde kwa kila jozi ya faiba. Ukitaka kasi zaidi, uvue vyote kutoka sakafu ya bahari.

Kundi la David Payne pale Southampton lilikuwa linacheza na jambo lililoonekana la kiwanda zaidi kuliko la nadharia: namna ya kuingiza chembe chache za madini adimu ndani ya kiini cha kioo safi kabisa. Bomba la kioo huzungushwa kwenye mashine huku mwali wa moto ukitembea chini yake, gesi zinazopita ndani zinaacha masizi meupe ya silika ukutani. Masizi hayo wakayalowesha kwa myeyusho wa chumvi ya erbi, wakayakausha, wakayachoma mpaka yakawa kioo, kisha bomba zima likavutwa kuwa uzi. Mwaka 1987 Mears, Reekie, Jauncey na Payne wakachapisha kikuza chao cha kelele ndogo. Mwaka huo huo Emmanuel Desurvire na wenzake walikuwa wanafanya kazi hiyo hiyo Bell Labs, Marekani, kwa hiyo usibishane sana na mtu kuhusu nani wa kwanza. Leza walizotumia mwanzoni kuisukuma erbi zilikuwa mizigo ya maabara. Zile ndogo za kuweza kuzamishwa baharini zilikuja miaka michache baadaye.

Sasa la kuiga ishara. Leza ya pampu ya nanomita 980 inaipandisha ioni ya erbi ngazi mbili juu. Ioni inateremka ngazi moja haraka, halafu inatulia hapo kwa muda wa milisekunde 10 hivi. Katika ulimwengu wa atomi huo ni muda mrefu sana. Fotoni ya ishara, ya nanomita 1550, ikipita karibu, inaichochea ioni iachie nishati yake, na fotoni inayotoka ina urefu wa wimbi ule ule, inaelekea kule kule, na mawimbi yake yanapanda na kushuka pamoja na ya ile iliyoichochea. Haijui ishara wala haihitaji kujua. Mahali penye fotoni nyingi zinazaliwa nyingi, na penye giza hazizaliwi, basi umbo la ishara linabaki lilivyo.

Zile milisekunde 10 ndizo zilizobadilisha biashara, na sijui kwa nini vitabu vingi vinazipita kwa mstari mmoja. Biti zinapita mabilioni kwa sekunde, wakati akiba ya nishati kwenye erbi inajaa na kupungua polepole mno. Kikuza hakihisi biti moja moja, kinahisi wastani tu. Ndiyo maana unaweza kupitisha chaneli 80 za rangi tofauti kwa pamoja, na kila moja ikakuzwa bila kuchanganywa na mwenzake. Vikuza vya nusu-kipitishi, ambavyo akiba yake hujaa na kuisha ndani ya nanosekunde au chini ya hapo, vinateseka sana na jambo hilo. Na kwa kuwa erbi haijali kasi, mkongo kama SEACOM wa 2009 au EASSy wa 2010 unaongezewa uwezo kwa kubadilisha mitambo ya nchi kavu peke yake.

Ila kuna gharama. Ioni nyingine hazingoji kuchochewa, zinaachia fotoni zenyewe, ovyo. Fotoni hizo nazo zinakuzwa njiani, na hiyo ndiyo kelele. Ni kama kipaza sauti cha harusini: ukiongeza sauti, MC anasikika zaidi na mvumo wa spika nao unapanda. Kikuza cha erbi chenye nguvu ya kutosha kukuza vizuri hakiwezi kushuka chini ya kelele ya desibeli 3, kwa sheria za fizikia zenyewe. Vile vizuri vya kweli huwa kati ya 4 na 5.

Fomula ya kukadiria OSNR, yaani ishara imeizidi kelele kwa desibeli ngapi, ni hii, iandike ukutani:

OSNR = 58 + P − L − NF − 10 log N

P ni nguvu ya chaneli moja inapotoka kwenye kikuza (kwa dBm, yaani desibeli kutoka miliwati moja, hivyo 0 ni miliwati moja), L ni upotevu kati ya kikuza kimoja na kingine, NF ni kelele ya kikuza, N ni idadi ya vikuza. Chukua kilomita 5,000, P = 0, NF = 5. Ukiweka kikuza kila kilomita 50, vinakuwa 100: 58 − 10 − 5 − 20 = desibeli 23. Kila kilomita 100, vinakuwa 50: 58 − 20 − 5 − 17 = 16. Kila kilomita 200, vinakuwa 25 tu: 58 − 40 − 5 − 14 = −1. Kelele imeishinda ishara.

Ona kilichotokea. Umepunguza vikuza mara nne na hali imekuwa mbaya zaidi. Idadi inaingia kwa logi, lakini upotevu wa kila kipande unaingia wote. Kelele inategemea zaidi mwanga ulivyodhoofika kabla ya kukuzwa. Mitambo ya kisasa ya gigabiti 100 hutaka desibeli kumi na kitu, na mbunifu anataka akiba ya kuzeeka kwa faiba na viungo vya matengenezo. Ndiyo sababu vikuza vya baharini hukaa kila kilomita 50 hadi 100, vikilishwa umeme kutoka ufukweni kwa volti maelfu kupitia mkongo wenyewe.

Kuhusu vitendo. Tafuta moduli mbili za SFP (vifaa vidogo vya kutuma na kupokea mwanga wa faiba), ya nanomita 1310 na ya 1550, na pawa mita ya mafundi wa faiba. Zungushia faiba kwenye penseli, pima. Ile ya 1550 itapoteza zaidi. Hakikisha faiba ni ya kiwango cha G.652, ile ya kawaida, maana hizi za majumbani za G.657 zimetengenezwa zisijali kukunjwa na utadhani jaribio limekushinda. Kwa upande wa mahesabu kuna programu huria ya GNPy, ya Python, isiyolipiwa, na inakupa zaidi ya ile fomula yangu. Kikuza chenyewe unaweza kukipata kikiwa kimetumika, kampuni za televisheni ya kebo hubadilisha vyao. Ukikipata, usichungulie mdomo wa faiba hata mara moja. Mwanga wa 1550 hauonekani kwa jicho wala kwa kamera ya simu, kwa hiyo kuona giza kwenye simu si ushahidi kwamba leza imezimwa. Zima kwanza, chomoa, ndipo usafishe kiungo.

Na kama siku moja utaingia maabara yenye erbi iliyo wazi, waombe wazime taa. Uzi ule hung'aa kijani, kwa sababu baadhi ya ioni zinanyakua fotoni ya pili ya pampu na kuporomoka kutoka juu zaidi. Ni nishati inayopotea, lakini inakuonyesha kwa macho pale pampu inapoishia njiani.

Kwa masomo ya juu, Southampton bado wana Optoelectronics Research Centre, na wanachopigania sasa ni faiba yenye uwazi katikati, ambamo mwanga unasafiri hewani badala ya kioo. Upotevu wake umeshashuka chini ya desibeli 0.1 kwa kilomita. Karibu zaidi, Nelson Mandela University, Afrika Kusini, wana kituo cha utafiti wa mawasiliano ya faiba. Na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, huendesha Winter College on Optics mwanzoni mwa mwaka, nayo huwafikiria sana watafiti chipukizi wa nchi kama zetu. Inawalenga zaidi waliokwisha kupata shahada ya kwanza, kwa hiyo una mwaka mmoja na zaidi wa kuandaa grafu za penseli na za GNPy uziambatanishe na maombi.